Kijiti na Taa: Ni Nani Mlinzi wa Injini?

Huenda ukajiuliza makala ya injini yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Jibu langu ni jepesi. Kiswahili hakikuumbiwa mashairi na ngonjera peke yake. Ndiyo lugha anayoitumia fundi akiwa amelala chini ya gari, ndiyo anayopigia kelele makanga pale steji, na ndiyo lugha ambayo mwenye gari na dereva wake hugombana kwayo siku injini inapokufa. Isitoshe, sisi ni wanafunzi wa kutwa. Asubuhi na jioni tunabebwa na matatu au bodaboda, na wengi wetu karo yetu inatoka kwa gari, pikipiki au tuktuk ya mzazi. Injini ikinyamaza, daftari nalo hunyamaza.

Katika makala haya ninataka tujifunze jambo moja tu: kukagua oili ya injini ni wajibu wa yule anayeshika usukani, na taa nyekundu ya dashibodi haiwezi kumwondolea wajibu huo. Tutaanza na kazi ya oili, tuone taa ile inasema nini hasa, kisha tujue namna ya kukagua. Mwisho nimeweka maswali ya mjadala wa chama.

KAZI YA OILI

Kwanza tutenganishe maneno. Mtu akisema "mafuta" huku kwetu Nakuru, mara nyingi ana maana ya petroli au dizeli, yale yanayochomwa ili gari liende. Oili ni kitu kingine. Hiyo haikusudiwi kuchomwa, bali huzunguka ndani ya injini na kurudi ilikotoka. Inakaa chini kabisa, katika bakuli la chuma ambalo mafundi huliita sampu. Kutoka hapo pampu huinyonya, huipitisha katika chujio, na kuisukuma katika vijia vyembamba hadi kwenye kranki, beringi, na sehemu za juu za injini. Kisha inadondoka tena hadi kwenye sampu, na safari inaanza upya.

Oili ina kazi tano. Ya kwanza ni kupunguza msuguano. Sote tulifundishwa katika Fizikia kwamba vitu viwili vikisuguana huzaa joto na huliwa. Sugua viganja vyako asubuhi ya baridi utaona. Sasa fikiria chuma juu ya chuma. Kati ya kranki na beringi zake kuna nafasi nyembamba kama unywele, na nafasi hiyo inatakiwa kujaa oili wakati wote, ili chuma kielee juu ya oili bila kugusa chuma kingine. Kazi ya pili ni kupoza. Maji ya rejeta hayafiki kila mahali, kwa hivyo oili ndiyo inayoondoa joto kwenye beringi na chini ya pistoni. Ya tatu ni kusafisha, kwa maana hubeba masizi na chembe za chuma hadi kwenye chujio. Ya nne ni kuziba upenyo mdogo uliopo kati ya pistoni na silinda ili nguvu isipotee. Ya tano ni kuzuia kutu.

Tufanye hesabu kidogo. Gari likienda mbio ya kawaida barabarani, kranki yaweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60 utapata mara 50 kwa sekunde moja. Kwa hivyo katika sekunde 10, muda wa kusoma sentensi hii na inayofuata, kranki imezunguka mara 500. Ikiwa mizunguko hiyo 500 ni ya chuma kikavu juu ya chuma kikavu, hakuna haja ya kumuuliza mganga kilichotokea.

TAA INASEMA NINI?

Hapa ndipo madereva wengi hupotea njia. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili lenye mdomo mrefu na tone linalodondoka. Dereva akiiona imezima, anajisemea, "Oili iko sawa." Ala! Taa hiyo haikusema hivyo.

Katika magari mengi taa hii haipimi kiasi cha oili. Inapima shinikizo, yaani nguvu ambayo pampu inaisukumia oili. Kiasi ni kingine na shinikizo ni kingine. Tuchukue mfano wa tangi la maji la nyumbani. Tangi likiwa limejaa, maji hutoka kwa bomba. Likibaki nusu, maji bado yanatoka. Likibaki robo, bado yanatoka, nawe uliye jikoni ukiosha vyombo hujui lolote. Siku bomba linapokohoa na kutema upepo, tangi limekwisha tayari. Taa ya oili ndilo lile bomba linalokohoa.

Ngoja nitumie namba ambazo hata kijana wa kuziba pancha anazijua. Gurudumu la gari dogo hutiwa upepo wa karibu 30. Kwa kipimo hicho hicho, injini nyingi zikiwa mbioni husukuma oili kwa shinikizo la 40 hadi 60 hivi. Je, taa huwaka shinikizo likishuka hadi ngapi? Katika magari mengi hungoja hadi 5 au 7 hivi. Maana yake ni kwamba shinikizo laweza kuanguka kutoka 50 hadi 15, beringi zikaanza kulia njaa, na taa isiseme neno. Itakaposema, si onyo tena hilo. Ni tanzia.

Fauka ya hayo, taa yenyewe ni kitu cha kuharibika. Balbu huungua. Waya hukatika au huliwa na panya. Kifaa kinachoiwasha, ambacho hufungwa kando ya injini, huzeeka. Kuna hata wauzaji wa magari makuukuu wasio na haya, ambao huichomoa balbu makusudi ili mnunuzi asijue kwamba injini imechoka. Taa kama hiyo haitawaka hata sampu ikiwa kavu kama jangwa la Chalbi.

Jaribio la taa ni rahisi. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, lakini usipige injini moto. Taa nyekundu ya oili inapaswa kuwaka wakati huo. Piga injini moto, nayo inapaswa kuzima baada ya sekunde chache. Ikiwa haikuwaka kabisa mwanzoni, usifurahi. Taa imekufa, na gari lako halina hata huyo wa kuleta tanzia.

MILIMA YETU NA KONA ZETU

Sisi wa Bonde la Ufa tuna sababu nyingine ya kuwa macho. Barabara zetu hazikulala chini kama meza. Ukitoka mjini kwenda Nyahururu kupitia Bahati na Subukia, unapanda na kushuka ukingo wa bonde. Ukienda Eldoret, unapanda hadi Mau Summit na Timboroa, ambako mwinuko wake unapita mita 2,700. Ukitoka Mau Narok kuja Njoro, kuna miteremko na kona.

Gari likiinama, oili nayo huinama ndani ya sampu. Likipiga kona, oili hukimbilia upande mmoja. Ikiwa imejaa vizuri, mdomo wa pampu hubaki ndani ya oili hata hivyo. Ikiwa imepungua, mdomo huo hubaki hewani kwa nukta moja au mbili, pampu ikanyonya upepo. Hapo taa huwaka mara moja kwenye kona, tap! kisha inazima barabara inaponyooka. Dereva anasema ni waya tu unacheza. La hasha! Mara nyingi hiyo ndiyo habari ya kwanza kwamba oili imefika pabaya.

KISA CHA PIKAPU YA VIAZI

Nimesikia mengi kuhusu magari, lakini lililonifanya nichukue kalamu ni shauri lililosemwa mtaani kwetu Jumapili moja, uani, sote majirani tukisikiliza. Mama mmoja muuza viazi alikuwa amenunua pikapu kwa mkopo wa chama chao cha akina mama. Alimwajiri dereva, baba wa watoto watatu, mtu mtaratibu asiyegusa pombe. Kila wiki walikwenda Mau Narok kuchukua viazi na kuvileta sokoni. Siku moja, kabla ya kufika Njoro, injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga nyundo mlangoni, kisha ikakwama kabisa. Kama wasemavyo mafundi, injini ilikuwa imenoki. Fundi alipofungua nati ya sampu, oili iliyotoka haikujaza hata kopo la lita moja, nayo ilikuwa nyeusi na nzito kama lami.

Ubishi ulikuwa: nani alipe? Mzee mmoja jirani, ambaye aliendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu, ndiye aliyeombwa kuamua.

"Mzee, taa haikuwaka," dereva alijitetea. "Iliwaka kidogo tu kwa kona, halafu ikazima yenyewe. Sasa mimi ningejuaje?"

"Na kijiti ulichomoa lini?" mzee akauliza.

"Hiyo ni kazi ya fundi, mzee. Mimi nimeandikwa kuendesha."

Mama akaingilia kwa uchungu. "Ufunguo nilikupatia wewe, baba. Sikumpatia fundi."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Fundi huliona gari mara moja kwa miezi kadhaa. Mwenye gari huenda asilione mchana kutwa. Makanga yuko mlangoni. Ni dereva peke yake aliye na gari kila asubuhi kabla halijaenda, na ufunguo uko mfukoni mwake. Ukipewa ufunguo, umepewa pia kilicho chini ya boneti.

Hata hivyo mzee hakumbebesha dereva mzigo wote. Alimgeukia mama akamuuliza kwa upole, "Na wewe mama, alipokuomba pesa ya oili mwezi uliopita, ulimwambiaje?" Mama akainama. Alikuwa amemwambia angojee siku ya servisi, kwa kuwa biashara ilikuwa mbaya. "Basi," mzee akasema, "dereva hakuangalia, na wewe hukutaka kuambiwa."

Walikubaliana kwamba mama atatafuta injini kuukuu, dereva atachangia kidogo kidogo kutoka mshahara wake, na kuanzia siku hiyo pesa ya oili itatengwa kila wiki kabla ya hesabu kugawanywa. Lilikuwa shauri la haki. Lakini haki haikurudisha yote yaliyopotea. Binti wa mama huyo alikaa nyumbani wiki tatu za muhula ule kwa sababu pesa za chakula cha mchana na za mitihani zilikuwa zimemezwa na injini. Watoto wa dereva nao walionja mshahara uliokatwa. Oili ya bei ya lita mbili au tatu ingetosha kuzuia yote hayo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

WALIOTUTANGULIA RELINI

Msomaji asidhani kwamba wajibu huu ni mambo mapya. Mji wetu ulizaliwa na reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka wa 1900, ikafika Kisumu mwaka wa 1901, na baadaye Nakuru ikawa mahali pa kugawanyika njia, moja ikienda Kisumu na nyingine ikipanda Timboroa kwenda Eldoret na Uganda. Kwa miongo mingi treni hizo zilivutwa na vichwa vya mvuke. Baadhi yavyo, kama vile majitu yaliyoitwa Garratt yaliyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, vinaweza kuonekana hadi leo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.

Dereva wa kichwa cha mvuke hakuwa na taa ya kumwambia habari za oili. Kabla ya safari alishuka chini na kopo lenye mdomo mrefu, akazunguka mtambo wake akitia oili kiungo baada ya kiungo. Kwenye stesheni alishuka tena na kugusa viungo kwa mkono kuona kama kuna kilichopata moto kupita kiasi. Tazama tena picha iliyo kwenye taa ya dashibodi yako. Ni kopo lile lile! Ishara inayomlaza dereva wa leo usingizi imechorwa kwa chombo cha dereva aliyekuwa macho.

NDEGE ILIYOKOSA OILI ANGANI

Labda utasema hayo ni mambo ya kale, na kwamba mitambo ya kisasa hujilinda yenyewe. Sikiliza kisa hiki cha kweli kutoka Marekani. Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya shirika la Eastern Air Lines, safari nambari 855, iliruka kutoka Miami kuelekea Nassau katika visiwa vya Bahama ikiwa na watu 172. Ilikuwa ndege kubwa ya aina ya Lockheed L-1011 yenye injini tatu, na vipimo vya kila namna mbele ya marubani.

Kabla ya safari, mafundi walikuwa wamebadilisha kifaa kidogo katika kila injini, kifaa cha kunasa chembe za chuma zilizomo katika oili. Vifaa vipya viliwekwa bila vipete vya mpira vya kuzuia oili isivuje. Ndege iliporuka, oili ikaanza kumwagika kutoka injini zote tatu. Taa ya injini moja ikawaka, marubani wakaizima injini hiyo na kugeuza kurudi Miami. Kisha vipimo vya zile mbili zilizobaki navyo vikaonyesha kwamba oili imekwisha. Marubani walidhani vipimo ndivyo vibovu, kwani iliwezekanaje injini tatu zikose oili kwa pamoja? Haukupita muda mrefu, injini hizo mbili zikafa. Ndege ikawa inashuka juu ya bahari bila injini hata moja. Kwa bahati njema walifaulu kuiwasha tena ile waliyokuwa wameizima kwanza, wakatua Miami kwa injini hiyo moja. Hakuna aliyekufa.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba taa zilikuja kusema oili ikiwa imekwisha kumwagika. Mahali pa kuiokoa ndege palikuwa chini ardhini, mikononi mwa mtu mwenye jicho la kutazama kama kipete cha mpira kipo. La pili ni kwamba taa ikishawaka, isitiliwe shaka. Mwenye gari anaweza kusimama kando ya barabara, lakini rubani hana kando ya barabara.

NAMNA YA KUKAGUA OILI

Somo lenyewe ni la dakika mbili. Hata wewe usiye na leseni unaweza kumsaidia mzazi au mjomba wako kulifanya.

1. Simamisha gari mahali tambarare. Mahali pa mteremko kipimo hudanganya.

2. Kagua asubuhi kabla ya kupiga injini moto. Kama gari limetoka safarini, lizime na ungoje dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampu. Kitabu cha gari kikieleza vingine, fuata kitabu.

3. Chomoa kijiti cha kupimia, ambacho mafundi hukiita dipstiki. Kipanguse kwa kitambaa safi. Usikisome mara ya kwanza, kwa maana oili imejipaka juu kote.

4. Kirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena. Sasa soma. Kuna alama mbili: ya juu na ya chini. Oili inapaswa kuwa kati yake, na ni vyema iwe karibu na ya juu.

5. Ikiwa iko chini, ongeza kidogo kidogo, ungoje, upime tena. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja. Tumia oili ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari.

6. Usipitishe alama ya juu. Oili ikizidi, kranki huipiga ikatoa povu, na pampu haiwezi kusukuma povu ipasavyo. Oili nyingi mno nayo ni ugonjwa.

7. Tazama rangi na unuse. Oili nyeusi katika gari la dizeli ni kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, na huenda gasketi ya juu imeungua. Oili inayonuka petroli pia impeleke dereva kwa fundi.

8. Inama utazame chini ya gari. Tone likionekana, tafuta linakotoka. Oili inayovuja haiui injini peke yake, bali mvua ya mji huu huikokota hadi Ziwa Nakuru, lililo la kwanza nchini Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka wa 1990.

Na kijana wa bodaboda asikae kando akicheka. Pikipiki nyingi tunazopanda hazina taa ya oili kabisa. Nyingine zina kifuniko chenye kijiti, nyingine zina kidirisha cha kioo ubavuni. Oili yake ni kidogo, karibu lita moja tu, kwa hiyo ikipungua nusu lita, nusu ya uhai wake imekwenda.

Taa ikiwaka safarini ufanye nini? Toka barabarani kwa usalama, uzime injini mara moja. Usiseme "nifike tu pale steji." Pima oili. Ikiwa imepungua, ongeza, kisha uwashe utazame kama taa inazima. Ikikataa kuzima, zima tena na umwite fundi. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko ya injini.

MABISHANO NINAYOYATARAJIA

Kuna watakaosema kwamba magari ya siku hizi yana kompyuta. Ni kweli, baadhi yana kipimo cha kiasi cha oili pia, na machache hayana kijiti kabisa. Mwenye gari kama hilo asome kiasi kwenye skrini yake kila wiki kama vile mwenzake anavyosoma kijiti. Wajibu haukuondoka, umebadilisha mahali tu. Na magari mengi yanayotubeba hapa yaliingia nchini yakiwa yametumika tayari. Injini iliyotembea sana hula oili, na inayokula oili inapaswa kupimwa mara nyingi zaidi.

Wengine watasema kuna ukaguzi wa serikali. Naam, matatu hukaguliwa na Halmashauri ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Lakini ukaguzi huo ni siku moja kati ya siku 365. Siku nyingine 364 mkaguzi ni dereva.

Wengine watasema dereva hana wakati, makanga anaita abiria na hesabu ya tajiri inangoja. Hilo ninalielewa. Ndiyo maana ninawaomba wenye magari nao wasimame katika nafasi yao: watenge pesa ya oili, wampe dereva dakika mbili za asubuhi, na wasimkemee anapoleta habari mbaya. Dereva anayeogopa kusema oili imepungua ni hatari kuliko taa iliyoungua. Abiria nao wavumilie. Injini ikikwama ghafla gari likiwa mbioni, kwenye mteremko wenye malori nyuma yake, hasara si ya mwenye gari pekee.

HITIMISHO

Taa tusiitupe. Ina kazi yake, kama king'ora cha zimamoto kilivyo na kazi yake. Lakini hakuna mwenye nyumba anayelala akiacha jiko linawaka kwa sababu king'ora kipo. Kijiti husema oili ilipo leo, ungali na nafasi ya kuongeza. Taa husema ilipokwisha. Basi wewe unayesoma haya na ambaye mzazi wako ana gari, mwulize leo jioni kwa adabu: "Baba, oili tuliiangalia lini?" Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI YA MJADALA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kiasi cha oili na shinikizo la oili. Tumia mfano usiokuwa wa tangi la maji.

2. Kranki ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, itazunguka mara ngapi kwa sekunde 15?

3. "Ufunguo nilikupatia wewe, sikumpatia fundi." Jadili ukweli wa maneno haya, kisha utaje kosa la aliyeyasema.

4. Kama ungekuwa yule mzee wa mtaani, ungegawanyaje gharama ya injini kati ya mama na dereva? Toa sababu.

5. Tafuta istilahi nzuri za Kiswahili za sampu, kranki na gasketi, uzilete katika mkutano ujao wa chama. Waulize mafundi kwanza, kisha ufungue kamusi.